Vidonge vya Mama Katika Mfuko wa Kukimbia

Asubuhi ya kwanza mama aliamka, akashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, akaniita nije kuzuia nyumba. "Shika nyumba, mutoto wangu. Iko inazunguka." Mimi nilicheka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kusahihisha watu hata mahali wasiponiomba, nikamjibu kwamba nyumba ya matofali haizunguki, labda kichwa chake ndicho kinazunguka. Aligeuza uso anitazame kwa hasira, na kule kugeuka tu kulitosha. Alitapika mpaka ikabaki maji matupu. Niliacha kucheka, nikatafuta beseni.

Ilikuwa miaka ile ambayo redio ilisema kuna amani, na siye tulijibu ndiyo, lakini kwa sauti ndogo. Mama alikuwa ameacha kilima chake, na ng'ombe waliobaki amewaacha kwa mdogo wake, akaja kukaa nasi hapa Ngezi, mtaa wa Bunia, mimi na mume wangu. Mume wangu anaendesha lori, anapeleka bidhaa Mambasa na Niania, na barabara ikioza kwa mvua anakaa huko hata wiki tatu. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu nyumbani, mama na mimi, na tulikuwa na desturi ya kugombana kidogo asubuhi ili siku ianze vizuri.

Nilimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, nimekaa nyuma yake nikimkumbatia asianguke. Munganga, maana ndivyo tunavyomwita daktari kwetu, alikuwa mtu mpole wa kuongea polepole. Alimlaza mama, akageuza kichwa chake upande mmoja, akayatazama macho yake, akageuza upande mwingine. Alisema si uchawi wa jirani wala si uzee. Ugonjwa uko ndani ya sikio, mahali ambapo mwili unajua kama umesimama sawa au umeinama. Aliuliza maswali mengi kabla ya kuandika. Je, mama ana vidonda vya tumbo? Kifua kinambana? Anameza dawa nyingine yoyote, hata ya miti? Mama alijibu kwamba anameza hasira za mtoto wake tu, na munganga akacheka.

Aliporidhika alinipa kisanduku cha karatasi chenye vidonge vyeupe. "Moja asubuhi, moja saa sita, moja mangaribi, nyuma ya chakula," aliniambia. "Akisahau moja, usimupe mbili pa mara moja. Ukiona haisaidie, usiongeze, umulete hapa. Na vidonge vibakie mu karto yake, ile iko na jina ya dawa."

Nilitikisa kichwa. Nataka ieleweke vizuri: nilisikia. Haikuingia sikio hili na kutokea lile. Ningeweza kuyaandika maneno yake ubaoni siku ileile, kwa mwandiko mzuri, na kuyapigia mstari.

Dawa ilifanya kazi. Wiki ya kwanza mama alitembea akishika ukuta, wiki ya pili akauacha ukuta. Alirudi kuchambua maharagi uani na kuniambia kwamba sombe yangu, mboga ya majani ya mihogo, haina mafuta ya kutosha. Saa sita nilikuwa natoka shuleni mbio, chaki bado vidoleni, ili nimpe kidonge cha mchana kwa mkono wangu. Nilijisifu kwa hilo. Wanawake wa mtaa waliniona napita mbio, wakasema huyu mama muzee amezaa mtoto kweli, na mimi nilijifanya sijasikia.

Sasa lazima nieleze mfuko, maana mtu asiyekaa Bunia ataona ni wazimu. Nyuma ya mlango wetu, kama nyuma ya milango mingi ya Ngezi, ulitundikwa mfuko wa kukimbia. Ndani yake zilikaa kadi zetu za uchaguzi, diploma yangu, kadi za ubatizo, nguo moja moja ya kubadili, chumvi, kiberiti, na chupa ya dawa. Chupa hiyo ilikuwa sheria ya mama mwenyewe. Zamani, vita ilipokuwa kali, tulijificha naye katika shamba la mihogo pamoja na watu wengine, na mtu mmoja akataka kumpa mgonjwa wake kidonge. Akakibonyeza kutoka kwenye plaketi, lile bamba gumu ambamo vidonge vimefungwa kimoja kimoja. Likalia. Sote tuliacha kupumua, kwa sababu wenye silaha walikuwa wanapita barabarani, hatua chache tu kutoka pale. Hawakusikia, au walisikia wakaona uvivu kuingia mihogoni. Tangu siku hiyo mama alisema dawa ya kukimbia haiwi na karto wala plaketi. Unabonyeza vidonge vyote ukiwa nyumbani, unavitia katika chupa moja, unajaza pamba juu yake visigongane ukikimbia. Wanawake wote ninaowajua mtaani kwetu wanafanya hivyo, na tumefundishana.

Katika chupa yetu kulikuwa na dawa ya homa, vidonge vikubwa, na dawa ya malaria, ya manjano. Hivyo hata kipofu asingevikosea. Na kulikuwa na vidonge vya mume wangu. Mume wangu ana ugonjwa wa sukari. Vya kila siku anasafiri navyo ndani ya lori, lakini akiba yake ilikaa chupani, kwa sababu mtu hajui atakimbilia wapi na atakaa huko muda gani. Vilikuwa vidonge vyeupe vya mviringo, na mstari katikati.

Alhamisi moja habari zilishuka kutoka vilimani kwamba kuna risasi, kwamba watu wako njiani na magodoro kichwani. Jirani yangu alikuwa tayari anafunga sufuria. Aliyeumwa na nyoka anaogopa hata kamba, na siye tumeumwa zaidi ya mara moja. Nilishusha mfuko, nikachukua kisanduku cha mama, nikabonyeza vidonge vyote vilivyobaki na kuvimimina chupani juu ya vingine. Kisanduku nikakitia katika mbabula, jiko letu la makaa, kikashika moto chini ya sufuria ya maharagi. Niliona, wakati vinadondoka, kwamba vya mama vinafanana na vya mume wangu. Niliona kwa macho yangu haya. Nikajiambia vya mama ni vinene kidogo, nitavitambua.

Hatukukimbia. Ijumaa watu walirudi sokoni, Jumamosi tukaanza kuchekana, nani alifunga mzigo mkubwa zaidi na nani alisahau bibi yake ndani. Mfuko ukarudi kwenye msumari. Lakini kisanduku kilikuwa majivu, na kila mara saa ya kidonge ilipofika nilifungua ile chupa, nikachagua kwa jicho. Mwanafunzi wangu akipiga mstari bila rula ninamrudisha aanze upya. Mimi mwenyewe nilipima dawa ya mama yangu kwa jicho, mara tatu kwa siku, na sikuona aibu.

Wiki iliyofuata mama alianza kurudi nyuma. Kizunguzungu kilikuja tena, lakini sasa kilikuja na mambo mengine. Alikuwa anatetemeka mikono. Alitoka jasho mpaka kitenge kikashikana na mgongo, na hakukuwa na joto. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa, akaniuliza kama ndama wamefungwa. Na alikuwa anaomba chai, chai yenye sukari nyingi, kila saa chai. Hapo nilimgombeza. Nilimwambia, "Mama, na sukari ya namna hii utapata ugonjwa ya mukwe wako." Nilikitoa kikopo cha sukari mezani, nikakiweka juu ya kabati asipoweza kufika.

Mwili wa mama ulikuwa unajua unachokosa, ulikuwa unaomba kwa jina lake, na mimi nilikipandisha juu ya kabati.

Sikumrudisha kwa munganga, kama nilivyoambiwa. Nilijua. Mwalimu anajua. Niliona ugonjwa wa sikio umekuwa mkali, nikasema basi dawa iongezwe, na kwa siku mbili nilimpa vidonge vinne badala ya vitatu.

Jumapili asubuhi alimeza kidonge kwa maji, akasema hataki uji. Nilimsihi kidogo, kisha nikaanza kupiga pasi nguo ya kanisani. Nilisikia kiti kinasogea. Nilipogeuka, mama alikuwa ameteleza chini, mgongo kwenye ukuta, macho wazi, na hayakuniona. Nilimwita. Nilimpiga mashavu kidogo, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye nyusi. Nilipiga kelele, jirani akaja, tukambeba kama alivyo mpaka barabarani, tukasimamisha pikipiki. Nilichukua ile chupa na kuitia katika mkoba wangu, kwa sababu kituoni wanapenda mgonjwa aje na dawa zake. Hata wakati ule nilitaka waone kwamba mimi ni mtu wa utaratibu.

Munganga alikuwa yuleyule. Hakuniuliza kitu kwanza. Alimchoma mama kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo, akakitazama, akamwita mwenzake kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu mpole. Wakamtafutia mshipa, wakamtundikia maji yenye sukari. Nilisimama nikishika miguu ya mama kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kushika kitu kingine. Ilikuwa miguu baridi na yenye unyevu. Nilianza kuomba, nikakuta sala zote zimetoka kichwani, nikabaki kusema "Mungu, Mungu" tu.

Baada ya dakika ambazo siwezi kuzihesabu, mama alipepesa macho, akauliza ni nani amemmwagia maji. Nilicheka na kulia pamoja. Ndipo munganga akanigeukia.

"Mama mwalimu, kwenu nani iko na ugonjwa ya sukari?"

"Bwana yangu. Lakini hayuko. Iko Niania."

"Na dawa yake inabakia wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na jibu likanifikia mimi kwanza. Nilitoa chupa mkobani, nikampa, nikakaa chini sakafuni.

Alitandika karatasi nyeupe juu ya meza, akatoa pamba, akamimina. Vya homa alivisukuma pembeni, na vya manjano pia. Kisha akachukua vile vyeupe kimoja kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma herufi ndogo ambazo mimi, mwalimu wa kusoma, sikujua hata kama zipo. "Hii ya masikio," alisema. "Hii ya sukari. Hii ya sukari. Hii ya masikio. Hii ya sukari." Aliendelea hivyo mpaka kikaisha cha mwisho, na kulikuwa na mafungu mawili mbele yangu, na hayakutofautiana unene hata kidogo.

Nilitaka anitukane. Ingekuwa nafuu. Yeye alivuta kiti akakaa, akanieleza kama anavyomweleza mtu yeyote. Kizunguzungu cha sikio, mtu anaona nyumba inazunguka, anatapika, lakini akili yake iko sawa. Sukari ya damu ikishuka, mtu anatetemeka, anatoka jasho, anasikia njaa, anaanza kusema mambo yasiyo na kichwa. "Kila mara uliona anatetemeka, ukamupa tena," alisema. "Dawa ya sukari mu mwili ya mutu hana sukari... Ungebakia nyumbani leo mpaka saa sita, umupe ile ya saa sita..."

Nilidhani imekwisha, maana mama alikuwa anaongea na kuomba kitenge kikavu. Munganga alisema bado. Dawa ile haitoki mwilini haraka. Sukari itapanda kwa maji yale, kisha dawa itaishusha tena, na kila ikishuka inaweza kwenda na akili yake, au na yeye mwenyewe. Akifika keshokutwa bila kushuka, tutamshukuru Mungu. Mchana ule ilishuka mara mbili. Mara ya pili mama aliacha neno katikati, kana kwamba mtu amemziba mdomo, na nilimwona akiondoka mbele yangu huku amekaa. Wakamrudisha tena.

Nilimpigia mume wangu simu. Nilimweleza yote bila kujitetea, na upande wa pili nikasikia malori yanapita huko Niania. Mwishowe akasema, "Na mimi ningekunywa yake." Sikuwa nimefikiria hilo. Kama akiba yake ingehitajika, angekuwa barabarani anameza dawa ya masikio huku sukari inapanda, na usukani mikononi.

Jumatatu jirani na wanawake wengine wawili wa mtaa walikuja na uji katika thermos. Waliuliza mama muzee ameugua nini. Ningeweza kusema malaria, kila mtu anakubali malaria. Nikawaambia kweli: chupa. Mmoja, ambaye mume wake ana ugonjwa wa moyo na yeye mwenyewe anameza dawa ya kifafa, aliweka kikombe chini, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga. Wengine wawili walitazamana, nao wakamfuata. Uji ulibaki mezani. Niliwasikia wakikimbia kwenye changarawe, wanawake wazima, mchana, wakienda kila mmoja kwenye mlango wake.

Siku ya tatu sukari ya mama ilikaa sawa asubuhi hadi jioni, na munganga akasema sasa anaweza kuniambia kwamba aliogopa. Nilimpenda kwa neno hilo. Alinipa kisanduku kipya cha dawa ya masikio, akaandika juu yake kwa kalamu nene, akasema hata kama risasi zinalia, nikimbie na karto. Kama naogopa kelele ya plaketi, niivingirishe katika kitambaa. Kitambaa tu. Miaka yote ile hatukuwa tumefikiria kitambaa.

Nyumbani nilimtengenezea mama chai, nikatia sukari kwa kijiko hadi yeye mwenyewe akasema inatosha. Alikula mkate. Nikabonyeza kidonge kimoja kutoka kwenye plaketi, nikamwekea kiganjani, na alipokigusa kwa ulimi alikunja uso.

"Hii njo ile ya kwanza," alisema. "Iko muchungu. Ile ingine haikukuwa muchungu."

Nilimuuliza ile nyingine ipi. Alisema ile ya siku zile, kabla hajaanguka. Siku fulani ilikuwa chungu, siku fulani haina ladha yoyote, kama kulamba chokaa ya ukuta. Alisema hayo taratibu, akipulizia chai.

"Ulijua?" nilisema. "Mama, ulijua dawa haiko moja, na ukameza?"

"Si weye njo ulikuwa unanipa."

Nilikasirika, kweli nilimkasirikia, na hasira ile ilinistahili mimi mwenyewe lakini ilimwangukia yeye. Nilimwambia kwamba alikuwa karibu kufa. Nilimwambia kwamba mtu akiona dawa imebadilika anauliza, hata kama anayempa ni mtoto wake, hata kama ni padri. Nilimwomba aniahidi, kuanzia leo, kila kidonge, aniulize kwanza hii ni ya nini. Mama alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesikiliza mvua.

"Mimi sijuwe kusoma," alisema. "Nilikutuma ku masomo ju ya usome weye."

Basi nikachukua kisanduku nisome. Nilivaa miwani. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa mwaka wa kwanza: jina la dawa, nguvu yake, moja asubuhi, moja saa sita, moja mangaribi, nyuma ya chakula. Nilipoinua macho kumuuliza kama amesikia, kiganja chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwisha kumeza.